Kopo Moja Mezani

Alhamisi, tarehe 16 Januari 2014, bastola ya Ludwig Hrabchak ilipasuka mkononi mwake katika njia namba nne ya chumba cha shabaha cha Klabu ya Bastola ya Brammer, magharibi ya Pennsylvania. Silinda iligawanyika, na nusu yake ya juu ikaondoka na chuma kilichoifunika. Ncha ya dole gumba lake la kushoto haikupatikana. Kipande kimoja kiliruka juu ya ubao unaotenganisha njia kikachana sikio la Wanda Kosko, dereva wa basi la shule na mwenyekiti wa klabu, aliyekuwa njia namba tano akijiandaa kupiga.

Lud, kama anavyoitwa na watu wote, alikalishwa sakafuni huku mkono wake ukifungwa kwa taulo. Maneno yake ya kwanza yalisikiwa na kila aliyekuwamo.

"Ni macho yangu," alisema. "Nimejaza vibaya."

Hakuna aliyembishia. Mtu akijihukumu mwenyewe, waliobaki hupumzika.

Lud ana umri wa miaka sitini na minane. Alichonga kalibu za chupa katika kiwanda cha kioo cha Brammer tangu alipomaliza jeshi mpaka kiwanda kilipofungwa, na nusu ya mji huu bado ina mitungi ya achari iliyotoka kwenye kalibu zake. Ni mfupi, mpole, mwenye tabia ya kupangusa kitu kabla ya kukishika. Mkewe Pauline husema kwamba siku ya harusi yao alipangusa pete kwanza ndipo akamvisha.

Alianza kujaza risasi mwaka kiwanda kilipogoma, kwa sababu alikuwa na muda na hakutaka kuumalizia baa. Mgomo ulikwisha, kazi ya risasi ikabaki. Watu wasioifanya hudhani ni kazi ya watu wapendao makelele. Ni kinyume. Ni kazi ya watu wapendao ukimya. Unaokota maganda ya shaba yaliyokwishapigwa, unayaosha, unayabana kwenye kalibu yarudie umbo lake, unayatia fataki mpya kitakoni, baruti kifuani na kichwa cha risasi juu. Ukimaliza, una kisanduku cha risasi zinazofanana, na unajua kwa nini zinafanana. Lud alikuwa akijaza nyingi kuliko alizoweza kupiga. Alipoulizwa sababu, alijibu kwamba kupiga ni sekunde moja tu.

Meza yake iko chini ya nyumba, kati ya mashine ya kufulia na rafu za mitungi ya Pauline. Ina mashine ya mkono ya kushindilia, mizani, na vipimo viwili vya baruti vilivyosimama kama mashine ndogo za kusaga kahawa. Kila kipimo kina skrubu inayoamua ni baruti kiasi gani itashuka kila ukivuta mkono wake. Lud akishapata kiasi anachokitaka, huifunga skrubu kwa tone la rangi ya kucha ya Pauline, nyekundu. Rangi ikiwa nzima, hakuna aliyeigusa.

Sheria ya meza ile ni moja, na aliiandika kwa kalamu nene ukutani: KOPO MOJA MEZANI. Maana yake, usilete kopo la pili la baruti mpaka la kwanza limerudi kwenye kabati. Baruti hazifanani. Ipo inayoungua haraka, ambayo kidogo tu inatosha, na ipo inayoungua polepole, ambayo hutiwa kwa kiasi kikubwa. Ukiweka ya haraka mahali pa ile ya polepole, umejitengenezea bomu dogo, na utalishika mwenyewe mbele ya uso wako.

Ndiyo maana wajazaji wa huku wana mwiko ambao hauhitaji kuandikwa: risasi aliyoijaza mwingine haipigwi. Hata ukipewa na kasisi. Kwenye klabu husema, "Mswaki na risasi haviazimwi." Baba hapigi za mwanawe. Katika Brammer nzima watu wawili tu waliuvunja mwiko huo kwa miaka mingi, tena wakiuvunja hadharani: Lud Hrabchak na shemeji yake, Delbert Oberdorf.

Delbert ni mdogo wake Pauline wa mwisho. Ni mtu mrefu, mcheshi, fundi wa mabomba ya maji, na ndiye ofisa usalama wa klabu, yule asimamaye nyuma ya wapigaji akipuliza filimbi na kutangaza lini wapakie na lini waweke chini. Alipoachana na mkewe, alihamia chumba kimoja juu ya duka la maua, mahali pasipo na nafasi hata ya meza ya kulia. Lud akamchongea ufunguo wa mlango wa chini, akamwongezea kiti. Kuanzia hapo kipimo kimoja kilikuwa cha Lud na kingine cha Delbert, na Alhamisi kwenye ligi mmoja akiishiwa alichota kwenye kisanduku cha mwenzake bila kuuliza.

"Hawa wawili wameoana," Wanda alizoea kusema. "Pauline ni mpishi tu."

"Mpishi na mfuaji," Pauline alimjibu. "Na rangi yangu ya kucha wanaimaliza wao."

Jumatano ya tarehe 8 Januari, Lud alipasuliwa mtoto wa jicho, jicho la kulia. La kushoto lilipangiwa Machi. Pauline ndiye aliyemwendesha mpaka hospitali, wakarudi jioni barabara ikiwa imejaa theluji. Jumamosi, jicho likiwa limefunguliwa na likiona vizuri kuliko alivyotarajia, Lud alishuka chini kujaza kisanduku kimoja kwa bastola yake kubwa, ile ambayo wazee hubaki kuipiga ligi ikiisha.

Alifanya kama siku zote. Alitoa kopo lake la baruti ya polepole, akalimwaga kwenye kipimo chake, akavuta, akapima kwenye mizani. Mizani ikasema pungufu.

Alitazama skrubu. Rangi ya kucha ilikuwa nzima. Akavuta tena, akapima tena: pungufu vilevile.

Hapo ndipo ilipokuwa njia panda. Kipimo kilichofungwa hakibadiliki chenyewe. Kikibadilika, kilichobadilika ni baruti. Mjazaji yeyote angekwambia hivyo akiwa ameketi sebuleni kwako na kikombe cha kahawa. Lakini Lud alikuwa mezani kwake, chini ya nyumba yake, na kopo lililokuwa na mwandiko wake. Kufikiri kwamba ndani ya kopo lile mna kitu kingine kungekuwa sawa na kufikiri kwamba Pauline si Pauline. Akalaumu baridi, akalaumu ukavu wa hewa ya tanuri la kupashia nyumba joto. Akaibandua rangi ya kucha kwa ncha ya kisu, akaongeza skrubu mpaka mizani ikasema sawasawa.

Alhamisi, risasi ya kwanza ya kisanduku kile ndiyo iliyompasukia.

Jumamosi iliyofuata kamati ya klabu ilikuja nyumbani kukagua meza. Wanda alikuja na bendeji sikioni. Delbert alikuja kwa wadhifa wake. Lud aliketi kwenye kiti chake, mkono ukiwa umening'inizwa shingoni, na Pauline alisimama kwenye ngazi kwa sababu hapakuwa na nafasi nyingine.

Delbert aliinama juu ya kipimo cha Lud kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha kidole.

"Alama imevunjwa hapa, mwenyekiti."

"Nimeivunja mimi," Lud alisema.

"Kwa nini, shemeji? Alama hii ina miaka."

"Mizani ilisema pungufu."

"Mizani ilisema pungufu," Delbert alirudia polepole, "au jicho ndilo lililosema?"

Wanda aliangalia sakafu. Pauline alisema kutoka kwenye ngazi, "Delbert, taratibu," naye Delbert akasema, "Dada, nauliza kwa sababu lazima mtu aulize. Ningependa asiwe mimi."

Kisha akafanya jambo ambalo wote waliliona kuwa la wema. Alilichukua lile kopo, akamwagia humo baruti iliyobaki kwenye kipimo, akakitia kwapani kisanduku cha risasi zilizobaki.

"Hizi lazima zifunguliwe zipimwe," alisema. "Nitazifungua mimi. Wewe mkono huna, shemeji. Pumzika."

"Asante," Lud alimwambia.

Siku chache baadaye Delbert aliieleza kamati kwamba amezifungua zote. Ndani yake, alisema, mna baruti ya Lud ileile, ila imezidi kupita kiasi. Kwa hiyo skrubu iliongezwa na mtu asiyeona mizani vizuri. Kamati ikaamua: Ludwig Hrabchak asipige klabuni wala asilete risasi za kujaza, mpaka mkutano mkuu wa Mei utakapolitazama upya. Ofisa usalama ndiye aliyempelekea habari. Alikaa jikoni kwa Pauline, akala vipande viwili vya keki ya tufaha, akalia kidogo.

Majira ya baridi yaliyobaki Lud hakushuka chini hata mara moja. Nguo alifua Pauline peke yake. Alhamisi jioni alikaa mbele ya televisheni iliyozimwa sauti. Kilichomuuma si dole. Alimwambia kasisi wa kanisa lao, naye kasisi alilisimulia baadaye kwa idhini yake, kwamba tangu ujana watu walimwamini kwa kitu kimoja tu, kipimo, na sasa hata yeye hajiamini kukata mkate.

Watu hawakumnyanyasa. Brammer si mji wa hivyo. Walimfanyia mizaha, jambo ambalo huku ni namna ya kumwambia mtu bado yumo. Kwenye duka la vifaa mtu alimuuliza kama amekuja kununua miwani au bima. Lud alicheka. Alipofika kwenye gari, Pauline aliona kwamba ameshindwa kutia ufunguo.

Machi alipasuliwa jicho la kushoto. Wiki moja baadaye alimwambia mkewe kwamba vifaa vyote vya chini vitolewe.

"Umpe nani?" Pauline aliuliza.

"Kaka yako. Nani mwingine?"

Walishuka pamoja asubuhi kuviweka kwenye maboksi. Juu ya kabati la mitungi ya achari, Lud akakiona kibao chake cha mashahidi, akakishusha.

Kibao hicho ni gogo bapa lenye matundu, na katika kila tundu imesimama risasi moja. Ni mazoea ya kiwandani. Kila kalibu mpya ilipoanza kutoa chupa, chupa moja iliwekwa rafuni na haikuuzwa. Mteja akirudi na malalamiko, wanaishusha na kuitazama. Waliiita shahidi. Lud alihamisha tabia hiyo mezani kwake: kila kisanduku akijazacho, risasi moja huenda kwenye kibao. Delbert alimcheka kwa hilo miaka yote. "Shemeji anafuga risasi," alikuwa akisema, mpaka Lud akachoka, akakitoa kibao mezani na kukipandisha juu ya kabati. Delbert alidhani ameacha.

Ya mwisho kwenye kibao ilikuwa ya tarehe 11 Januari.

"Hii nayo ni ya kufungua," Lud alisema. "Siwezi kumpa mtu kitu kama hiki."

Ana nyundo ya plastiki ya kufungulia risasi: unaibana risasi ndani ya kichwa cha nyundo, unagonga gogo mara chache, kichwa cha risasi kinachomoka na baruti inabaki ndani. Alipanda nayo jikoni kwenye mwanga wa dirisha. Akagonga ubao wa kukatia nyama. Akamimina baruti kwenye kisosi cheupe.

Baruti ya polepole aliyoitumia Lud maisha yake yote ni ya punje za mviringo, ndogo kama ulezi. Iliyokuwa kwenye kisosi ilikuwa karibu yote bapa, nyepesi, kama magamba ya samaki mdogo. Kati yake palikuwa na ulezi kidogo.

Pauline alikuwa akikausha vyombo. Alimwona mumewe amesimama, akamsogelea.

"Nini?"

"Unaona nini hapo?"

"Uchafu mweusi."

"Tazama vizuri. Ni aina moja au mbili?"

Pauline aliinama. "Mbili. Hii ya duara na hii ya bapa." Akamtazama. "Ya bapa ni ya nani? Wewe huna ya bapa."

"Haijawahi kuingia nyumba hii," Lud alisema, "ila kwenye kipimo cha kaka yako."

Sasa mambo yalikaa kila moja mahali pake, na hakuna lililohitaji kusukumwa. Baruti bapa ni nyepesi. Ijaze kipimo kilekile na mizani itasema pungufu. Mizani ilisema kweli. Jicho nalo lilisema kweli. Mtu alikuwa ametoa makopo mawili mezani, akajaza risasi zake, na alipomaliza akarudisha masalio ya kipimo chake kwenye kopo lisilo lake. Makopo yote mawili ni meusi, ya kampuni moja. Hutofautiana kwa rangi ya karatasi na mwandiko tu. Masalio yale yalikaa juu. Lud alipoinamisha kopo, yakatoka ya kwanza.

"Alikuja siku ya jicho lako," Pauline alisema. "Tuliporudi hospitali nilikuta kikombe chake kwenye sinki na maji ya theluji kwenye ngazi. Sikukwambia. Ningekwambia nini? Yeye huja kila siku."

Lud alivuta kiti akaketi.

"Kosa la makopo yeyote angeweza kulifanya," alisema. "Lakini alifungua kisanduku kizima, Pauline. Zilizobaki zote. Moja moja. Alikuwa akiyaona haya magamba kila alipogonga."

Pauline alichukua kisosi, akayamimina yale magamba kwenye kichupa cha dawa za Lud kilichokwisha, akafunga kifuniko.

Ijumaa za Kwaresima mji mzima hula kwenye ukumbi wa zimamoto: samaki wa kukaanga, kabichi na tambi, na pirogi, vipande vya unga vilivyojazwa viazi, kwa siagi. Delbert huwa anasimama kwenye karai la mafuta akiwa na aproni iliyoandikwa MUNGU ANANIONA NIKIKAANGA. Lud alimfuata nyuma ya ukumbi alipotoka kuvuta hewa. Wanda, aliyekuwa ameenda kutupa takataka, alisikia maneno mawili matatu tu, filimbi na Mei, ingawa wakati huo hakuyaelewa.

Lud alimwonyesha kichupa.

Delbert alikitazama bila kukishika. "Umekitoa wapi?"

"Kwenye kibao."

"Bado unafuga risasi?" Alipangusa mikono kwenye aproni. "Lini umeifungua?"

"Hilo si swali lako. Ulijua lini?"

"Shemeji..."

"Ulijua lini, Delbert?"

"Ilipopasuka," Delbert alisema. "Ulipokaa pale chini na damu. Nilikumbuka kopo. Nilifungua mdomo niseme, naapa mbele ya Mungu, nikakusikia unasema ni macho yako. Ningesemaje tena? Wewe mwenyewe ulikuwa umeshasema. Watu wote walishakubali."

"Nilikuwa natoka damu."

"Ulisema kwa sauti."

"Na ulipokuja chini ukaninyooshea kidole kwenye rangi ya kucha? Hapo pia mimi ndiye niliyesema?"

Delbert aliangalia mlango wa ukumbi. "Mimi nimebakiwa na nini, Lud? Mke sina. Nyumba sina. Nina filimbi ile ya Alhamisi. Wakijua ofisa usalama ndiye aliyechanganya baruti, kesho wananivua. Wewe una Pauline, una nyumba, una jina. Watu wanakupenda hata ukiwa umekosa. Mimi nikikosa sina pa kushika."

"Ulikula keki mezani kwangu."

"Nilikula kwa sababu dada alinikatia."

Lud alikirudisha kichupa mfukoni. "Mkutano ni Mei," alisema. "Nakupa nafasi useme mwenyewe. Kwa mdomo wako, mbele yao. Ukisema, mimi nitakuwa wa kwanza kuomba usivuliwe. Nimemaliza."

"Nitasema," Delbert alisema. "Naapa, shemeji."

"Usiape. Sema tu."

Lud alimwamini. Pauline alipomuuliza njiani kama amemwamini, alijibu kwamba mtu aliyepiga risasi zake kwa miaka yote ile ana haki ya kuaminiwa mara moja zaidi. Pauline alisema yeye anamfahamu kaka yake tangu akiwa kwenye nepi.

Mkutano mkuu ulifanyika Jumanne ya pili ya Mei, ukumbini juu ya chumba cha shabaha, viti vikijaa, soseji za kulungu kwenye sufuria la umeme na kahawa inayofanana na ya hospitali. Wanda alisoma ajenda. Ilipofika habari ya Lud, Delbert aliinua mkono kabla hajaitwa.

Alisimama. Alivaa shati la kanisani.

"Ndugu zangu," alianza, "mnajua huyu ni nani kwangu. Ni zaidi ya shemeji. Nimekaa na jambo hili majira yote ya baridi, limenila."

Lud alikuwa amekaa safu ya tatu, mkono mzima juu ya ule wenye kovu. Alikuwa akimwitikia kwa kichwa, kama mtu anayemsaidia mtoto kukariri.

"Kila mmoja wetu atazeeka," Delbert aliendelea. "Kila mmoja macho yake yatamsaliti. Je, ndiyo tumtupe? Mimi, kama ofisa usalama, naomba tumrudishe Lud. Kwa sharti dogo tu: asijaze peke yake. Mtu mwenye macho mazuri amsimamie. Mimi nipo tayari. Nitaketi naye mezani kila anapojaza, na nitamsomea mizani."

Watu walipiga makofi. Mtu nyuma alisema, "Huyo ndiye ndugu!" Mwingine akasema, "Mtu mwema sana huyu." Wanda mwenyewe alipiga makofi.

Lud aliacha kuitikia kwa kichwa. Waliokuwa karibu naye wanasema hakukunja uso. Alingoja makofi yaishe, akasimama, akatembea mpaka meza ya mbele, akatoa kichupa cha dawa mfukoni, akakipangusa kwenye suruali, akakiweka mbele ya Wanda.

"Mwenyekiti," alisema, "hii ndiyo baruti iliyokukata sikio. Nilibakiza risasi moja ya kisanduku kile. Humu mna aina mbili. Macho ya humu ndani ni mengi na mazuri. Mtazame mseme ni ya nani."

Kichupa kilipita mkono kwa mkono. Hao ni wajazaji, hawakuhitaji kuelezwa. Kilipofika safu ya pili, mtu mmoja alikiinua kwenye taa, akageuka kumwangalia Delbert, akakipitisha. Kelele zilipungua kwa kadiri kichupa kilivyosonga.

"Inaweza kuwa imetiwa humo baadaye," Delbert alisema. Alikuwa bado amesimama. "Sisemi shemeji ni mwongo. Nasema inawezekana."

Pauline alikuwa kwenye meza ya soseji. Aliweka koleo chini.

"Delbert," alisema, "siku Lud alipopasuliwa jicho ulikuja nyumbani ukanywa kahawa ukashuka chini. Kikombe chako nilikiosha mimi. Na Ijumaa ya samaki ulimwahidi mume wangu kwamba utasema. Kaa chini."

"Dada..."

"Usiniite dada hapa. Kaa chini."

Wanda alikuwa amekishika kichupa sasa. Alikumbuka maneno aliyoyasikia kwenye mapipa ya takataka, akamuuliza Delbert mbele ya wote: alisema nini siku ile kuhusu filimbi? Delbert alichukua koti lake. Alipita kati ya viti watu wakikunja miguu kumpisha, akatoka.

Wanda ni mwanamke wa haki, na kabla ya kura alimgeukia Lud.

"Na wewe, mzee, nikuambie jambo. Mizani ilikuonya. Ungesimama, mimi ningekuwa na sikio zima."

"Ni kweli," Lud alisema. "Nililiamini kopo."

"Hukuliamini kopo. Ulimwamini Delbert."

"Basi, ndiyo."

Klabu ilimwondolea Lud zuio bila sharti, ikamvua Delbert wadhifa. Wako waliosema baadaye, kwenye maegesho, kwamba mambo ya familia yangemalizwa nyumbani, na kwamba Lud angemvuta kando shemeji yake kabla ya kumwaibisha. Lud hakuwaambia kwamba alikuwa ameshamvuta kando. Mtu akimuuliza kuhusu Delbert husema hajamwona, na ni kweli: Delbert sasa anafanya kazi zake upande wa pili wa mto, na siku ya Pauline ya kuzaliwa, mwezi Julai, alituma maua bila kadi. Pauline aliyapeleka kanisani.

Meza ya chini imerudi ilivyokuwa, isipokuwa kipimo cha pili kimefungwa kwenye gazeti na kiti cha pili kimepandishwa jikoni. Mlango una kitasa kipya. Lud ameanza kujaza tena. Kabla ya kumimina kopo lolote, hata alilolifungua mwenyewe jana yake, humwaga kidogo kwenye kisosi cheupe na kukitazama dirishani. Pauline alimwambia hiyo ni tabia ya mtu anayechunguza mchele wa dukani. Alimjibu kwamba zamani hakuwa nayo.

Ligi ya majira ya baridi inaanza Alhamisi, tarehe 2 Oktoba. Lud amepangiwa njia namba nne, na Wanda njia namba tano. Atapiga kwa mkono mmoja.